Ukuta wa zege unaozunguka tangi la mafuta: unavyochakaa, unavyotengenezwa, na maswali ambayo jirani anapaswa kuuliza

Hakuna mkaazi wa Mombasa asiyeyajua matangi ya mafuta ya Changamwe na Kipevu. Kiwanda cha kusafishia mafuta pale Changamwe kilianza kazi mwaka 1963. Kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, lakini matangi hayakuondoka. Yangali yanatumika kuhifadhia mafuta yashukayo bandarini, na wanaoishi Chaani, Mikindani, Port Reitz na vijiji vya jirani hulala na kuamka nayo.

Watu hutazama tangi. Mimi, kwa miaka mingi niliyofanya kazi ya kutengeneza zege la viwandani hapa pwani, nimejizoesha kutazama chini yake. Kila tangi kubwa, au kundi la matangi, limezungukwa na ukuta wa zege au tuta la udongo. Kwa Kiingereza huitwa bund, neno lililotoka kwa Kiajemi likimaanisha kizuizi. Katika makala hii nitauita ukuta wa kinga. Kazi yake ni moja: siku tangi litakapopasuka au kufurika, mafuta yasitoke nje.

Nimeandika haya kwa kuwa ukuta huo husahaulika mpaka siku unapohitajika, na siku hiyo huwa haina muda wa matengenezo. Hoja yangu ni fupi. Ukuta wa kinga ni nadra kushindwa kwa kuanguka. Hushindwa pale ulipounganishwa, pale ulipotobolewa na pale ulipoachwa uliwe na chumvi. Hizo zote ni sehemu zinazoonekana kwa macho na zinazoweza kutengenezwa mapema.

Ukubwa wake hupimwaje

Kanuni inayotumika sana duniani ni kwamba ukuta uweze kubeba asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote lililo ndani yake. Panapokuwa na matangi mengi pamoja, huangaliwa pia asilimia 25 ya jumla ya matangi yote, kisha huchukuliwa kile kilicho kikubwa zaidi.

Tufanye hesabu. Tangi la mita za ujazo 10,000 ni lita milioni 10. Ukuta wake wapaswa kubeba mita za ujazo 11,000. Uwanja wa ndani ukiwa mita 100 kwa 80, basi ukuta hauna budi kuwa na kimo cha karibu mita 1.4 kutoka sakafuni.

Sasa tuingize mvua ya masika. Mvua ya milimita 100, ambayo kwetu si ajabu kuipata ndani ya siku chache, ikinyesha juu ya uwanja huo huacha mita za ujazo 800 za maji. Ile nafasi ya ziada ilikuwa mita 1,000. Maji yasipotolewa, karibu nafasi yote ya akiba imekwisha kabla tone la mafuta halijamwagika. Kwa hiyo kutoa maji ya mvua ni sehemu ya matengenezo ya ukuta sawa na kuziba nyufa.

Maji hayo hutolewa kupitia vali iliyo nje ya ukuta, na huelekezwa kwenye shimo la kutenganisha mafuta na maji kabla hayajaachiliwa. Vali yapaswa kukaa imefungwa saa zote, ifunguliwe na mtu aliyesimama hapo, kisha ifungwe tena na kuandikwa kitabuni. Vali iliyoachwa wazi ili kupunguza usumbufu wa masika huufanya ukuta kuwa pambo tu.

Funzo la Buncefield

Kisa kinachofundishwa zaidi kuhusu kuta hizi kilitokea Buncefield, karibu na mji wa Hemel Hempstead, Uingereza. Hakikuwa kiwanda cha kusafishia mafuta bali bohari kubwa ya mafuta yaliyokwisha kusafishwa, na ndiyo sababu kinatuhusu zaidi leo, kwa kuwa Changamwe nako sasa ni bohari.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 11 Desemba 2005, petroli ilikuwa ikiingia katika tangi nambari 912. Kipimo cha tangi kilikwama, kikaonyesha kiwango kilekile huku mafuta yakizidi kupanda. Swichi ya dharura ambayo ingefunga mafuta yenyewe haikufanya kazi. Tangi likafurika kupitia juu, mvuke ukatanda kama ukungu, na saa 12 na dakika 1 asubuhi ukalipuka. Matangi zaidi ya 20 yalishika moto. Watu 43 walijeruhiwa. Hakuna aliyekufa, na sababu kubwa ni kwamba ilikuwa alfajiri ya Jumapili na maofisi ya jirani yalikuwa matupu.

Moto ulizimwa baada ya siku kadhaa, kwa maji zaidi ya lita milioni 50 pamoja na povu. Hapo ndipo kuta za kinga zilipojaribiwa kwa kweli. Nyingi zilibaki zimesimama, lakini zilivuja. Wachunguzi walikuta mambo haya:

- Maungio kati ya kipande kimoja cha ukuta na kingine yalikuwa yamezibwa kwa vitu laini vilivyoyeyuka au kuungua motoni. Mahali pengi hapakuwa na mkanda wa chuma wa kuzuia maji ndani ya ungio.
- Pale mabomba yalipopita katikati ya ukuta, kizibo kilichozunguka bomba kiliungua na kuacha tundu.
- Matundu madogo yaliyoachwa na vyuma vya kushikilia mbao wakati wa kumwaga zege yalifunguka na kupitisha maji.
- Sakafu ndani ya kuta haikuwa imara vya kutosha kuzuia mafuta kuzama chini.

Mafuta na povu viliingia ardhini na kufikia maji ya chini ambayo watu wa eneo lile hutegemea. Mwaka 2010 kampuni tano zilihukumiwa kulipa faini na gharama za karibu pauni milioni 9.5. Baadaye wahandisi wa Uingereza waliandika upya mwongozo wa kuta za kinga, ukatoka mwaka 2014, na kiini chake ni kwamba ukuta uzuie mafuta, uzuie maji ya kuzimia moto, na uendelee kuzuia wakati moto wenyewe unawaka.

Kwa nini pwani yetu ni kali kwa zege

Zege zuri huilinda nondo kwa sababu lina hali ya magadi makali, pH ya 12 hadi 13. Katika hali hiyo nondo hujivika utando mwembamba usioonekana na haishiki kutu. Ulinzi huo huvunjwa na maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ya kaboni, ambayo huingia polepole na kupunguza ukali wa magadi. Wa pili ni chumvi, na huyu hapa kwetu ni jirani wa kila siku.

Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba chumvi ya bahari na kuiweka juu ya ukuta. Maji ya mvua huiingiza ndani. Ikifika kwenye nondo, ule utando hutoboka hata kama magadi ya zege bado ni makali. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani. Kwanza huonekana mstari wa kahawia, kisha ufa unaofuata nondo, halafu kipande kinabanduka. Anayeiona nondo uchi ukutani anaona mwisho wa jambo lililoanza miaka mingi nyuma.

Kuna chumvi nyingine tunayoileta wenyewe. Mchanga wa ufuoni usiooshwa na maji ya kisima chenye chumvi yakitumiwa kuchanganyia, adui amewekwa ndani ya ukuta tangu siku ya kwanza. Hakuna rangi wala lipu itakayomtoa.

Halafu kuna ardhi. Udongo wa mfinyanzi huvimba masika na kunywea kiangazi. Ukuta mrefu uliojengwa juu yake hupanda na kushuka kidogo kila mwaka, na mwendo huo wote hukusanyika kwenye maungio. Jua la mchana nalo huurefusha ukuta na baridi ya usiku huufupisha. Ndiyo maana kizibo cha ungio lililo juani huchakaa haraka, kikawa kigumu, kikapasuka na kuachana na zege.

Ukaguzi unavyofanywa

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji mtambo. Ni kutembea kuuzunguka ukuta, ndani na nje, ukiwa na ramani, chaki na nyundo ndogo. Kila kipande hupewa nambari. Kila ufa huchorwa, hupimwa upana, na huandikwa tarehe pembeni yake. Ukigonga zege lililo zima, sauti huwa kali. Lililoachana na nondo hutoa sauti ya mtungi mtupu.

Baada ya hapo huja vipimo. Zege hutobolewa kidogo na vumbi lake hupelekwa maabara kupimwa chumvi katika kina mbalimbali, ili ijulikane imeingia kiasi gani. Pale zege lilipobanduliwa hupuliziwa dawa inayogeuka pinki mahali magadi yalipo, na isiyobadilika rangi mahali yalipokwisha. Kuna pia kifaa cha sumaku cha kupima nondo iko umbali gani kutoka nje. Katika mazingira ya bahari, unene wa zege juu ya nondo wapaswa kuwa milimita 50 au zaidi. Nimepima kuta ambazo hazikufika nusu ya hapo, na zilikuwa zimeanza kubanduka hata kabla ya mwenye jengo kumaliza kuzipongeza.

Ukaguzi wa macho wafaa ufanywe mara nyingi kwa mwaka, hasa kabla na baada ya masika. Ule wa mhandisi, wenye vipimo, hupangwa kwa miaka kulingana na umri na hali ya ukuta.

Matengenezo yenyewe

Kabla ya patasi kugusa zege, kuna jambo la uhai. Ndani ya ukuta wa kinga panaweza kuwa na mvuke wa mafuta, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukaa pembeni. Greinda moja ikitoa cheche yaweza kuwa mwisho wa watu wengi. Hakuna kazi bila kibali cha maandishi, bila kupima gesi kabla na wakati wa kazi, na bila mtu wa zamu mwenye kizima moto. Ikibidi kubomoa sehemu ya ukuta, tangi huondolewa mafuta kwanza au hujengwa kizuizi cha muda. Ukuta wenye pengo na tangi lililojaa havikai pamoja hata kwa usiku mmoja.

*Zege lililobanduka kwa kutu.* Kupaka lipu juu ya kutu ni kuificha. Zege bovu hukatwa kwa kingo zilizonyooka, si kwa kulegezalegeza ukingo ukawa mwembamba kama karatasi. Huchimbwa mpaka nyuma ya nondo, kiasi cha kidole kuweza kupita. Nondo husafishwa mpaka ing'ae. Iliyoliwa sana huongezewa nyingine. Chumvi huoshwa kwa maji safi. Ndipo hujazwa mchanganyiko maalumu wa kukarabatia, usionywea sana, na hufunikwa kwa magunia mabichi au plastiki angalau siku saba. Kwa jua letu, zege lisilonyweshewa hupata nyufa kabla halijapata nguvu.

Hapa pana mtego. Ukitengeneza kiraka kizuri katikati ya ukuta uliojaa chumvi, kutu huhamia pembeni mwa kiraka, na baada ya miaka michache duara lote linabanduka. Dawa ni kuondoa zege lote lenye chumvi nyingi, au kuweka vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye nondo ndani ya kiraka. Zinki huliwa badala ya chuma.

*Nyufa.* Swali la kwanza ni kama ufa ungali unatembea. Huwekwa alama au kipimo juu yake na kufuatiliwa kwa majira yote mawili, ya mvua na ya jua. Ufa uliotulia hudungwa gundi ngumu ya epoksi, ukuta ukawa kitu kimoja tena. Ufa unaotembea ukidungwa gundi ngumu, utapasuka pembeni. Huo hugeuzwa kuwa ungio: hupanuliwa na kuzibwa kwa kitu kinachonyumbuka.

*Maungio.* Hapa ndipo Buncefield ilipotufunza. Kizibo cha zamani huondolewa chote, kingo husafishwa na kukaushwa, kisha huwekwa kizibo kinachostahimili mafuta na moto pia. Juu yake, upande wa tangi, hufungwa bamba la chuma kisichoshika kutu, limekazwa upande mmoja na kuachiwa nafasi ya kutembea upande wa pili. Moto ukiunguza kizibo, bamba hubaki likipunguza uvujaji.

*Mabomba yanayopita ukutani.* Ushauri bora ni yasipite. Bomba lipandishwe juu ya ukuta. Pale isipowezekana, lipitishwe ndani ya kizingo cha chuma kilichomwagiwa pamoja na zege, na nafasi iliyobaki izibwe kwa kitu cha kustahimili moto. Tundu la bomba lililong'olewa zamani hujazwa zege, si matambara wala povu la kopo.

*Sakafu.* Ukuta mzuri juu ya udongo unaonyonya ni kama ndoo isiyo na kitako. Sakafu ya zege hukaguliwa maungio kama ukuta. Ya udongo hushindiliwa mfinyanzi au huwekewa tandiko maalumu lisilopitisha mafuta, na miti na magugu hung'olewa kabla mizizi haijapenya.

Kujaribu kwa maji

Baada ya matengenezo, ushahidi wa kweli ni maji. Eneo hujazwa maji mpaka kimo kilichokubaliwa na mhandisi, vali zimefungwa, na kimo hupimwa kwa siku kadhaa. Karai lenye maji huwekwa kando ili kujua kiasi kilichokwenda kwa jua. Maji ya ukutani yakipungua kuliko ya karaini, pana mahali panavuja, na nje ya ukuta patakuwa na unyevu wa kuonyesha. Kama tangi ni jepesi na tupu lazima mhandisi ahakikishe halitaelea. Pale jaribio kubwa lisipowezekana, kila ungio hujaribiwa peke yake kwa kisanduku cha maji kilichobandikwa ukutani.

Niliwahi kufika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, nikakuta ukuta umepakwa rangi nyeupe safi kwa ajili ya ukaguzi. Maji yalipotiwa, yalitoka sehemu zaidi ya kumi kabla ya magharibi. Rangi haikudanganya maji.

Kwa nini jirani aulize

Changamwe ina miinuko, na maji ya pale huteremka kwenda baharini. Kinachotoka nje ya ukuta huingia mtaroni, na mtaro huingia hori ya Port Reitz au ya Makupa. Hatuhitaji kwenda Uingereza kujua yatakayofuata. Mwaka 1988 mafuta kutoka tangi la kuhifadhia yalimwagika katika hori ya Makupa, na mikoko ikafa. Mkoko ukifunikwa mizizi yake ya kupumulia hukosa hewa. Ukifa, kamba, kaa na vifaranga vya samaki hukosa mahali pa kukulia, na mvuvi wa mtumbwi ambaye hafiki bahari kuu hana pengine pa kwenda. Mafuta hukaa ndani ya tope kwa miaka mingi.

Sheria inatupa mlango wa kuuliza. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 35, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, kinatupa haki ya kuomba taarifa. Kanuni za mazingira za mwaka 2003 zinadai miradi ya aina hii ifanyiwe ukaguzi wa mazingira na taarifa zipelekwe NEMA. Kwa hiyo pakiitishwa kikao cha kusikiliza maoni ya umma, msiishie kuuliza nafasi za kazi za vijana, ingawa hizo nazo ni haki. Ulizeni pia haya:

1. Ukuta wa kinga ulijaribiwa kwa maji lini mara ya mwisho, na matokeo yake yako wapi?
2. Unabeba asilimia ngapi ya tangi kubwa zaidi, na maji ya kuzimia moto yamehesabiwa?
3. Maungio na matundu ya mabomba yamezibwa kwa kitu kinachostahimili moto?
4. Nani hufungua vali ya maji ya mvua, na kitabu chake kinakaguliwa na nani?
5. Ufa uliopatikana mwaka jana umetengenezwa, au umepakwa rangi?

Mwenye kituo aliye makini hatakasirika kwa maswali haya. Majibu anayo tayari, maana anayahitaji yeye mwenyewe kabla yetu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari ya mafuta msemo huo ni mpole mno, kwa sababu ukuta waweza kujengwa upya kwa miezi michache. Hori iliyokufa haijengwi na fundi yeyote.